JIKONI WIKI HII: Jibini Laini ya Kiitalia na Maji Yaliyomo Ndani Yake

Mara nyingi hadithi huwa ni moja. Bwana amepokea mshahara, amepita mjini, na ndani ya friji la duka ameona kikopo cheupe chenye maandishi ya Kiitalia. Amekumbuka chakula alichopata kuonjeshwa safarini, amelipa bei isiyo ndogo, amekileta nyumbani. Mama anakifungua, anachanganya yaliyomo na mayai na sukari kama alivyoelekezwa na jirani, kisha anaoka keki. Keki inaumuka vizuri, watoto wanasogea karibu, lakini inapotolewa motoni inazama katikati na chini yake panatokea dimbwi. Lawama huangukia moto, au mayai, au mama mwenyewe. Si lawama ya haki. Mkosaji ni maji, na maji hayo yalikuwamo kikoponi tangu dukani.

Jibini ngumu ni maziwa yaliyokwisha kunyang'anywa maji yake. Ile iitwayo Parmigiano Reggiano hukaa ghalani miezi isiyopungua 12 kabla ya kuuzwa, na hata ikifika jikoni huweza kungoja wiki nyingi bila kuharibika. Jibini laini ni kinyume chake. Zaidi ya nusu ya uzito wa mozarela mbichi ni maji, na katika rikota maji hukaribia robo tatu. Kwa hiyo anayepika kwa jibini hizi anapika maji mengi yaliyoshikwa kwa uzi mwembamba, na kazi yake kubwa ni kuamua maji hayo yatoke lini na yaende wapi. Akilijua jambo hili, nusu ya mapishi ya Kiitalia humfungukia.

Ndiyo sababu pia tambi zilisafiri dunia nzima na jibini hizi zikabaki nyuma. Askari waliopata kutumikia Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika, kilichofika huko mwaka 2007, wanakumbuka kwamba Wasomali hula tambi kama chakula cha kila siku, na ndizi mbivu pembeni, na huziita baasto, neno walilolipata kwa Waitalia waliotawala sehemu ile ya nchi yao. Tambi ni kavu, hupakiwa melini na kukaa ghalani. Jibini laini haina subira hiyo. Ililiwa pale pale ilipokamuliwa, na anayeitaka mbali na Italia sharti aidhibiti kwa baridi au aitengeneze mwenyewe.

Kuitengeneza si kazi ngumu, na inafaa kuanza na rikota, ambayo dukani huandikwa ricotta. Jina hilo maana yake ni kitu kilichopikwa tena. Wachungaji wa Sicilia, wa mashamba yanayouzunguka mji wa Roma na wa sehemu nyingine za Italia walipogandisha maziwa ya kondoo kwa kigandisho kitokacho tumboni mwa mwana-kondoo, walitoa bonge la jibini wakalitia kwenye vikapu. Sufuriani yalibaki maji ya rangi ya kijani hafifu, matamu kidogo. Mwingine angeyamwaga. Wao waliyarudisha motoni, na yalipokaribia kuchemka zikapanda juu chembe nyeupe laini kama wingu. Chembe hizo ni protini ambazo kigandisho hakikuweza kuzishika, lakini joto la nyuzi 80 hadi 90 huzishika. Mpaka leo sheria za Waitalia haziihesabu rikota kuwa jibini kamili, kwa kuwa haikutokana na bonge lenyewe bali na kilichobaki. Hiki ni chakula cha watu waliokataa kumwaga.

Nyumbani kwetu, ambako mtu hana maji ya jibini lakini ana maziwa, hutengenezwa ndugu wa rikota. Si rikota yenyewe, wala haifai kudanganyana, lakini jikoni hufanya kazi karibu ile ile. Mpishi achukue lita 2 za maziwa ya ng'ombe yasiyochakachuliwa kwa maji, ayatie katika sufuria nzito pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ayapashe kwa moto wa wastani huku akikoroga chini yasishike. Maziwa yatokayo moja kwa moja kwa mfugaji yaache yachemke kabisa mpaka yapande. Sababu yake itaelezwa baadaye, nayo si ndogo. Yakishapanda, sufuria itolewe motoni, ikae dakika 1 au 2, kisha imiminwe juisi ya limau au ndimu kidogo kidogo, vijiko 4 vya chakula kwa lita hizo 2. Siki nyeupe nayo yafaa, vijiko 3 au 4. Akoroge polepole mara chache tu, aache. Maji yakionekana kuwa safi na ya kijani-manjano, kazi imekamilika. Yakibaki meupe kama maziwa, aongeze kijiko kimoja cha juisi. Afunike dakika 10 hadi 15.

Hapo ndipo wengi huharibu. Humimina kila kitu kwa haraka katika kitambaa, wakakamua kwa mikono miwili kama wanaokamua nazi. Punje hupondeka, mafuta hutoka, na kinachobaki huwa kama mchanga mdomoni. Afadhali mgando utekwe kwa upawa, uwekwe juu ya kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa ndani ya chujio, nao uachwe ujichuje kwa uzito wake. Baada ya dakika 20 huwa laini wa kupaka mkate. Baada ya saa 1 au 2 hufaa kuchanganywa na mboga au tambi. Kwa keki sharti uchujwe usiku kucha mahali penye baridi. Lita 2 hutoa kama gramu 300 hadi 400, kulingana na mafuta yaliyomo katika maziwa.

Maziwa ya pakiti, yale yakaayo miezi bila friji, huganda kwa shida na hutoa punje ndogo dhaifu, kwa sababu joto kali la kiwandani limekwisha kuzibadili protini zake. Asiye na mengine na ayatumie, lakini asitarajie mengi. Na mtu asijaribu kuyarudisha motoni maji yaliyobaki ya jibini ya limau akitumaini rikota ya pili. Limau na joto vimekwisha kuzikusanya protini zote kwa pamoja, na hakuna kilichobaki cha kupanda juu.

Sasa turudi kwenye ile keki iliyozama. Waitalia wanayo keki ya rikota katika karibu kila mkoa. Napoli wana pastiera, ambayo hupikwa wakati wa Pasaka kwa rikota na punje za ngano zilizochemshwa mpaka zikalainika, na Roma wana ile yenye matunda madogo mekundu yenye uchachu. Iliyo rahisi kuliko zote huhitaji gramu 500 za rikota iliyochujwa vizuri, sukari gramu 150, mayai 3, unga wa ngano vijiko 2 vya chakula, na ganda la njano la limau 1 lililoparuzwa. Rikota isuguliwe kwanza ndani ya chujio la chuma mpaka iwe laini, ichanganywe na sukari, mayai yaingie moja baada ya jingine, kisha unga na ganda la limau. Imiminwe katika chombo kilichopakwa siagi, iokwe kwa nyuzi 170 kwa dakika 45 hadi 50.

Kabla ya yote hayo kuna jaribio dogo ambalo lingaliokoa keki nyingi. Mpishi aweke kijiko kimoja cha rikota juu ya kipande cha karatasi isiyo na maandishi, angoje dakika 5. Ikiwa duara la maji limeenea kuizunguka, rikota hiyo bado haifai; irudi kitambaani. Rikota ya dukani pia ijaribiwe, kwani mara nyingi huwekwa kikoponi ikiwa ingali inatoa maji, nayo yote yamelipiwa kwa bei ya jibini.

Kuna chanzo cha pili cha maji, nacho ni moto mkali. Yai likipikwa kupita kiasi hukaza na kukamua maji lililokuwa limeyashika, kama ngumi inayofumbwa. Kwa hiyo keki hii itolewe wakati katikati yake ingali inatikisika kidogo chombo kinapoguswa. Iachwe ipoe hapo hapo ndani ya oveni iliyozimwa, mlango wazi kidogo. Itaendelea kujikaza yenyewe. Ikatwe ikiwa imepoa kabisa, na siku ya pili huwa tamu zaidi, kama ikifika siku ya pili.

Asiye na oveni asijione amefungiwa nje. Sufuria kubwa nzito itiwe mchanga mkavu kiasi cha unene wa vidole viwili, iwekwe juu ya sigiri mpaka mchanga upate moto. Chombo cha keki kikae juu ya mchanga, sufuria ifunikwe, na makaa yapaliwe juu ya kifuniko, moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Kosa la kawaida ni kuacha moto wote chini; keki huungua tako na kubaki mbichi usoni. Muda utakuwa kama saa 1, lakini saa ya mkaa haifanani na saa ya ukutani, basi kisu chembamba kichomwe pembeni, si katikati, na kikitoka kikavu inatosha.

Wasicilia wana somo lao kuhusu maji. Wao hukaanga vigamba vya unga vyenye umbo la bomba, huviita cannoli, na kuvijaza rikota ya kondoo iliyotiwa sukari. Muuzaji mwenye heshima havijazi asubuhi akavipanga kwenye kabati. Hungoja mnunuzi afike, akajaza mbele ya macho yake, kwa sababu ndani ya saa chache rikota hukilainisha kigamba kikawa kama mkate uliomwagiwa chai. Mpishi wa nyumbani atakayejaza sambusa au mandazi kwa rikota na akumbuke hilo: kujaza ni kazi ya mwisho.

Upande wa chumvi, rikota huwafaa sana watu wa nchi zetu, kwa kuwa hushirikiana na mchicha kama marafiki wa zamani. Watu wa Toscana hutengeneza vidonge vya mboga na rikota viitwavyo gnudi, yaani vilivyo uchi, kwa maana ni ule mjazo wa tambi za ravioli uliokosa nguo yake ya unga. Jina hilo labda lisitajwe mbele ya mkwe, lakini chakula chenyewe kinaweza kuandaliwa mbele ya mtu yeyote. Mchicha au spinachi gramu 500 ichemshwe kidogo, ipoe, ikamuliwe. Hapa ngumi inaruhusiwa, tena kwa nguvu zote, mpaka pasitoke tone. Ikatwekatwe ndogo, ichanganywe na rikota gramu 250 iliyochujwa, yai 1, unga vijiko 3, chumvi, na kungumanga kidogo iliyoparuzwa. Mwenye jibini ngumu aongeze vijiko 2 vilivyoparuzwa. Mchanganyiko uviringwe vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo na kupakwa unga juu.

Maji ya chumvi yachemke kwa utulivu bila kutokota kwa fujo, na kidonge kimoja tu kitumbukizwe kwanza, kama mpelelezi anayetangulia kikosi. Kikisambaratika, mchanganyiko una maji mengi na wahitaji kijiko kingine cha unga. Kikikaa imara na kuelea juu baada ya dakika chache, wenzake wote wafuate. Huliwa kwa siagi iliyoyeyushwa au kwa mchuzi mwepesi wa nyanya. Watoto wanaokataa mchicha mara nyingi huwa hawautambui humu.

Rikota ina tabia moja inayowakatisha tamaa wasioijua: haiyeyuki. Hata ikiokwa saa nzima katikati ya makaroni, hubaki punje laini zilizotulia. Joto na uchachu vimekwisha kuifunga, wala haiwezi tena kuvutika. Wanapoli, ambao wakati wa karamu za kabla ya Kwaresima hupika tambi pana za tabaka kwa rikota, nyama na nyanya, hawaitarajii ivutike. Kazi hiyo wameiachia mozarela.

Mozarela imepewa jina kutokana na kitendo cha kukata. Maziwa hugandishwa, bonge huachwa lichachuke kwa kiasi, kisha hutiwa maji ya moto sana na kuvutwa kama anayetengeneza kashata ya kuvuta, mpaka likawa na nyuzi zinazong'aa. Ndipo fundi hukata donge kwa vidole vyake. Ile iliyo mashuhuri kuliko zote hutoka Campania, mkoa wa mji wa Napoli, na hutengenezwa kwa maziwa ya nyati. Wanafamilia wa askari wa hifadhi wasishtuke: nyati huyo si mbogo wetu wa porini ambaye hata bunduki humtazama kwa dharau, bali ni nyati wa maji, mnyama wa kufugwa aliyezoea kukamuliwa. Tangu mwaka 1996 jina la mozarela ya nyati wa Campania limelindwa kwa sheria za Ulaya. Iliyotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe huitwa fior di latte, ua la maziwa, nayo ndiyo wapishi wengi wa Napoli huitia juu ya piza.

Piza ndiyo mahali ambapo maji ya mozarela hufanya uharibifu wake. Katika jiko la kuni la Napoli, ambalo sakafu yake hupita nyuzi 430, piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Jibini haipati muda wa kulia. Katika oveni ya nyumbani ya nyuzi 250, piza hukaa kama dakika 10, na kwa muda huo wote jibini hutoa maji yake na kuufanya mkate kuwa uji. Kwa hiyo mozarela iliyotolewa katika maji yake ikatwe vipande, iachwe ndani ya chujio saa 2 au zaidi mahali pa baridi, ipanguswe kwa kitambaa. Mkate na nyanya vianze kuokwa peke yao, na jibini iongezwe zikiwa zimebaki dakika 4 au 5. Kuna pia mozarela ya bonge kavu, ambayo ilienezwa na Wamarekani kwa ajili ya piza zao. Wanaojiona wajuzi huidharau, lakini kwa oveni ya nyumbani mara nyingi ndiyo ifaayo, na ni bora kuikubali kuliko kula uji wa nyanya kwa ajili ya fahari. Mozarela ikipashwa moto mara ya pili hugeuka mpira. Basi kila mtu aokewe kiasi chake.

Ya tatu ni maskaponi, ambayo lebo huiandika mascarpone. Ni mzaliwa wa Lombardia, upande wa kaskazini, nchi ya ng'ombe na majani mabichi. Huyu hatoki kwa maziwa bali kwa krimu, ambayo hupashwa mpaka nyuzi 85 hadi 90, ikatiwa uchachu kidogo ikaganda kama siagi iliyolala. Mafuta yake ni mengi mno, na mwenye ugonjwa wa moyo na aionje kwa kijiko cha chai. Nyumbani, krimu ya nusu lita hupashwa mpaka vipovu vidogo vitokeze pembeni, ikatiwa kijiko 1 cha chakula cha juisi ya limau, ikashikiliwa katika joto hilo dakika 5 huku ikikorogwa. Hupoa, kisha huchujwa kitambaani usiku kucha ndani ya friji.

Neno friji halikuandikwa hapo kwa mapambo. Mwaka 1996, nchini Italia, watu 8 walishikwa na botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia, baada ya kula maskaponi ya dukani au tiramisu iliyotengenezwa kwayo. Mmoja alifariki. Wachunguzi walilihusisha tukio hilo na baridi iliyokatika wakati wa kuhifadhi. Mbegu za kijidudu hicho huvumilia joto la kutengenezea jibini, nazo zikiachiwa uvuguvugu huamka na kutoa sumu, hata kama chakula hakijabadilika harufu wala rangi. Hiyo ilikuwa nchi yenye umeme wa kutosha. Katika nyumba ambayo umeme hukatika alasiri nzima, au ambayo haina friji kabisa, maskaponi isitengenezwe wala isinunuliwe kuwekwa. Kikopo kilichosafiri saa 3 ndani ya basi siku ya jua hakirudishwi uhai kwa kutiwa friji jioni. Hakuna karamu inayostahili hatari hiyo.

Kwa mwenye friji ya kuaminika, maskaponi huenda hasa katika tiramisu. Chakula hicho si cha kale kama wengi wanavyodhani. Simulizi inayojulikana zaidi huitaja mikahawa ya mji wa Treviso, kaskazini-mashariki mwa Italia, katika miaka ya kuzunguka 1970, ingawa majirani zao wa Friuli hudai kuwa ni wao waliotangulia, na ugomvi huo haujaisha. Jina lake maana yake ni ninyanyue. Humu mna kahawa, na hapo wasomaji wa Uganda wana neno la kusema, kwa kuwa Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa yao.

Wapishi wengi wa Italia hutia mayai mabichi. Kwetu sisi, ambako yai halina cheti na kuku hutembea anakotaka, viini vipikwe. Viini 3 na sukari gramu 80 vitiwe bakulini, bakuli likae juu ya sufuria yenye maji yanayochemka bila kuyagusa, vipigwe mfululizo dakika 8 hadi 10 mpaka viwe vizito na vya moto kiasi cha kutovumilika kidoleni. Vipoe kabisa. Ndipo maskaponi gramu 250 ichanganywe taratibu kwa mwiko. Asipige kwa nguvu wala kwa muda mrefu, kwani mafuta hayo mengi hujitenga ghafla yakawa siagi na maji, na hakuna dawa. Biskuti kavu ndefu zichovywe katika kahawa nzito isiyo ya moto, kuchovya na kutoa, si kulowesha. Tabaka la biskuti, tabaka la maskaponi, tena na tena, kakao ipepetwe juu, na chombo kikae ndani ya friji saa 6. Pombe ambayo baadhi huongeza si lazima, na haitakumbukwa na mtu.

Liko jambo moja lililoahidiwa hapo juu, la maziwa kuchemshwa. Wapo wazee wanaosema kwamba maziwa mabichi ndiyo maziwa, na kwamba jibini ya maziwa yaliyochemshwa imekufa. Ladha yao haipingwi. Lakini katika maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huweza kukaa kijidudu cha bruselosi, ugonjwa uleule unaowafanya wanyama watupe mimba, na jibini mbichi hukihifadhi kijidudu hicho badala ya kukiua. Mtu aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na ya viungo, uchovu usioeleweka. Kwa kuwa hufanana na malaria, wengi humeza dawa za malaria mwezi baada ya mwezi bila nafuu. Askari mwenye homa ya namna hiyo, aliyekuwa akinywa maziwa kwa wafugaji wakati wa doria, amweleze mganga wa zahanati jambo hilo waziwazi, kwa maana asiposema huenda asiulizwe. Matibabu yapo, ila huchukua wiki kadhaa na hayafai kukatizwa.

Mama mjamzito ana hadhari yake ya ziada. Kijidudu kiitwacho listeria huendelea kuzaana hata ndani ya friji, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni ilhali mama mwenyewe hahisi zaidi ya mafua. Jibini laini yoyote iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi aiache kabisa. Rikota ya nyumbani ya maziwa yaliyochemka aile siku ile ile ilipotengenezwa, au ikiwa imeokwa moto mpaka ndani. Kwa watu wengine wa nyumba, rikota ikae ndani ya friji siku 2, au 3 kwa wingi, ikiwa imefunikwa, na kijiko kinachoingia humo kiwe safi kila mara. Pasipo na friji, itengenezwe asubuhi na iishe mchana. Lita 1 ya maziwa haitaishinda familia.

Yamebaki yale maji ya kijani-manjano, ambayo kwa lita 2 za maziwa hukaribia lita 1 na nusu. Yana uchachu wa limau, hivyo hayafai kutiwa katika chai. Lakini unga wa chapati ukikandwa kwayo badala ya maji ya bomba, chapati hutoka laini na hukaa laini mpaka asubuhi. Mkate nao hupata rangi nzuri ya kahawia. Hufaa kupikia uji wa mahindi, na hufaa kuanzishia supu ya maharage baada ya maharage kuiva, wala si kabla, kwa sababu uchachu huyafanya yakatae kulainika. Yanayobaki hapo wapewe kuku.